Twaiba Amsindikiza Mgeni

Haya alinihadithia Maimuna binti Kheri mwenyewe, siku ya pili ya Idi mwaka jana, tumekaa ukumbini kwake Msambweni tukichambua mchele wa pilau. Hakuyasema kwa haraka wala hakuinua sauti, na mimi nayaweka kama alivyoyaweka.

Maimuna alikuwa amekwenda kwenye ofisi ya wakala wa kazi za ng'ambo kule Ukunda mara tatu, kumwulizia mwanawe. Mara ya kwanza aliambiwa mwenye ofisi katoka. Mara ya pili aliambiwa mwanawe ametia sahihi mkataba, na mkataba ni mkataba. Mara ya tatu wakala mwenyewe alikuwepo, anakula muhogo wa kukaanga juu ya meza yake, na alipochoka kuulizwa alisema, "Mama, kama una haraka hivyo, si uende mwenyewe ukamwone?" Wasichana wawili wa ofisini wakacheka. Maimuna hakucheka. Alilichukua neno lile kama ushauri, kwa sababu ndio ushauri wa kwanza aliopewa pale.

Mwanawe ni Twaiba. Twaiba alikuwa Lebanoni akifanya kazi za nyumbani, katika kijiji cha milimani kinachoitwa Kfar Dalub, kwa miaka miwili na miezi mitatu. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Ulipokwisha, madam wake akasema mwaka mmoja zaidi, na hakumwuliza. Pasipoti ya Twaiba ilitiwa kwenye droo ya vitambaa vya meza siku ile ile aliyofika, na droo hiyo ina ufunguo. Mwanzoni alipewa simu yake dakika kumi kila Jumapili. Baadaye simu nayo ikaingia kwenye droo. Ilikuwa miezi saba sasa Maimuna hajasikia sauti ya mwanawe, ila zile za zamani zilizobaki ndani ya simu yake.

Katika hizo iko moja aliyoisikiliza kila siku akisubiri chai ichemke. Twaiba alikuwa dirishani, anamweleza mama yake njia kama mtu anayemweleza jamaa njia ya kwake. "Mama, ukitoka hapa kuteremka, unapita geti la kijani, unapita nyumba anayokaa Kache, halafu chemchemi ina kopo la bati limefungwa mnyororo, halafu kanisa la kengele, halafu kizuizi cha askari. Baada ya askari ni mashamba ya matufaha. Baada ya mashamba sijui, sijawahi kufika."

Maimuna alisoma mpaka darasa la tatu, lakini njia akishaambiwa haimpotei. Aliigeuza kichwani mwake, ya kuteremka ikawa ya kupanda.

Jumatano moja ya mwezi wa Januari, wakati wa korosho, aliswali alfajiri akafunga kikapu. Alitia nazi mbili, ng'onda wa papa, leso mpya jozi moja, na mfuko wa korosho alizozibanika mwenyewe jana yake. Hajawahi kwenda kwa watu mikono mitupu. Juu ya dera alivaa sweta ya marehemu mumewe, kwa kuwa Twaiba alisema kule kuna baridi, na juu ya sweta akavaa buibui, kwa kuwa ni Msambweni na watu wana macho.

Kikoneni alimkuta Matano wa bodaboda na pikipiki yake, anakunywa chai ya rangi kibandani.

"Shikamoo, mama Twaiba. Twende wapi leo?"

"Marahaba. Lebanoni."

Matano akapangusa kiti kwa kiganja. "Ya mjini ama ya milimani?"

"Ya milimani."

"Ya milimani njia mbaya. Ile mvua imeila barabara. Nitakufikisha pale nitakapoweza, mbele utamalizia kwa miguu."

"Nitamalizia."

"Na ukishike vizuri hicho kikapu. Juzi nilimpeleka mzee mmoja na mayai, alishuka na kimanda."

Wakapita mikorosho, wakapita shamba la mirangi lenye vifuko vyekundu vya mbegu za rangi, wakapita shule ambako watoto walikuwa mstarini. Kilima kikaanza. Hewa ikapoa. Mikorosho ikawa michache, kisha ukaonekana mtufaha mmoja usio na majani, kisha ikawa mitufaha mitupu, imepandwa kwa ngazi za mawe mpaka juu. Theluji ilipoanza, Matano akafunga breki.

"Hapa ndio mwisho wangu," alisema. "Mpira wangu wa nyuma umekwisha meno. Nikufuate saa ngapi?"

"Baada ya alasiri."

"Alasiri ya huku ama ya kule? Wale wako nyuma saa moja."

"Ya huku," akasema Maimuna, akaanza kupanda.

Kwenye kizuizi palikuwa na askari mmoja kijana, amevaa glavu. Aliinama juu ya kikapu, akanusa ng'onda, akarudi nyuma hatua mbili, akainua mti. Maimuna akamwonyesha kwa mkono kwamba anakwenda kwa watu. Askari akaweka mkono kifuani, Maimuna akapita.

Kijiji kilikuwa kidogo na kizuri. Nyumba zilikuwa za mawe, mapaa mekundu yamebeba theluji. Kengele ya kanisa iligonga saa nne. Pale kwenye chemchemi wazee wawili walikuwa wakicheza dadu, nao wakamsogezea kopo la bati. Maji yalimng'ata meno. Juu ya kila paa palikuwa na tangi jeusi la maji, waya za umeme zimening'inia kama kamba za kuanikia nguo, na jenereta ilikuwa ikinguruma mahali kwa sababu stima ilikuwa imepotea tangu jana. Hayo yalimtuliza. Mtu aliyezoea Msambweni hawezi kuwa mgeni kabisa mahali kama hapo.

Kwenye balkoni moja msichana alikuwa akipiga zulia kwa fimbo. Alipoona buibui aliacha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwana wa nani wewe?"

"Naitwa Kache. Kwetu Lunga Lunga, mama yangu ni Eunice, anauza ndizi pale mpakani. Wewe ni mama yake Twaiba. Pua ni ile ile, mngeweza kuazimana."

"Umekaa huku muda gani, Kache?"

"Mwaka wa nne huu. Geti la kijani ni lile pale. Bisha kwa mkono, kengele hailii bila stima." Mtu aliita kutoka ndani, na Kache akarudia zulia lake.

Maimuna alibisha, akapiga hodi mara tatu kama inavyopasa. Aliyefungua ni Madam Wadad, mwanamke wa makamo, nywele zimepangwa vizuri, shada la funguo limening'inia kiunoni. Alimtazama Maimuna, akatazama kikapu, kisha akatazama balkoni za majirani, ambazo zote zilikuwa zimeshajaa watu. Mgeni ni mgeni. Akafungua mlango wote.

Twaiba alikuwa sakafuni na ndoo na tambara. Alinyanyuka, akafuta mkono kwa nguo, akaushika mkono wa mama yake akaubusu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Ni sakafu. Nyumba ina vyumba tisa."

Madam akauliza kitu, na Twaiba, ambaye Kiarabu cha huko kilikuwa kimeshamkaa mdomoni, akatafsiri. "Anauliza unataka nini."

"Mwambie nimekuja kutembea."

Hilo lilikuwa jibu ambalo halina la kujibiwa. Madam Wadad akamkalisha kwenye kiti kizuri karibu na jiko la kuni, akapokea leso, nazi na korosho kwa mikono miwili, ng'onda akamkabidhi Twaiba kwa vidole viwili. Kabla chai haijatoka, majirani watatu waliingia bila kuitwa, maana kijiji kile hakikuwa kimepata mgeni wa mbali tangu kiangazi. Mmoja alikuwa kikongwe mwenye fimbo, na huyo alipewa kiti cha karibu na moto, naye akaanza kula korosho bila kungoja wenzake.

Wakaanza kula. Palikuwa na mikate mipana iliyokonda kama leso, zeituni, jibini, majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali ndani, na jemu ya matunda ambayo Maimuna hakuyajua. Twaiba ndiye aliyeandaa, na ndiye aliyemnawisha mama yake mikono, akasimama pembeni na taulo. Maimuna hakumwambia akae, kwa sababu kwenye nyumba ya watu mgeni hapangi viti. Lakini kila tonge alilikata vipande viwili, na hiyo nusu ya pili akaiacha sahanini kwa ajili ya mwanawe.

Kikongwe akamwuliza anaonaje kijiji chao. Maimuna akasema ni kizuri, milima imetulia, maji ni matamu. Akaulizwa kama kwao kuna milima. Akasema kuna vilima, na kutoka kilima kimoja ndiko alikotokea asubuhi. Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema barabara ya upande ule imeharibika siku nyingi, na manispaa haijali.

Kahawa ilipotoka, Madam Wadad alikuwa amefurahi. Nyumba yake ilikuwa imependeza mbele ya majirani. Akamwekea Twaiba mkono begani, akasema maneno marefu. Twaiba akayatafsiri bila kubadilisha uso.

"Anasema usiwe na wasiwasi. Anasema mimi si mtumishi hapa. Mimi ni binti wa nyumba hii."

Maimuna akanywa kahawa yake mpaka machicha. "Mwambie ahsante. Mwambie nimelisikia neno hilo, na majirani zake wamelisikia."

Likatafsiriwa. Majirani wakaitikia kwamba wamelisikia.

Maimuna akasimama, akakunjua buibui. "Mwambie sasa naomba ruhusa, njia ni ndefu. Na mwambie kwetu mgeni akiondoka, husindikizwa na binti wa nyumba."

Twaiba alikuwa ameshika sinia la vikombe. Alilitua mezani polepole, akaupanga mkono wake wa kushoto juu ya wa kulia, akatafsiri neno kwa neno.

Madam akazigusa funguo zake. "Mpaka getini," akasema.

"Mwambie hapana. Getini ni kumtoa mtu, si kumsindikiza. Msindikizaji huenda mpaka mgeni mwenyewe aseme inatosha, au mpaka mgeni afike kwake."

Hapo kikongwe akagonga sakafu kwa fimbo. Alisema hata huku ilikuwa hivyo zamani, kabla watu hawajawa na haraka. Mama yake alimsindikiza shangazi mmoja mpaka bonde la pili, wakapatwa na mvua wakalala huko, na hakuna aliyeuliza. Alisema nyumba inayosindikiza mpaka getini ni nyumba ya bahili. Majirani wengine wawili walikuwa wakimtazama Madam Wadad, na Jumapili wote wanne wangeonana kanisani.

"Haya," akasema Madam. "Lakini asichelewe. Kuna nguo za kupiga pasi."

Kikapu hakikurudishwa kitupu, maana hilo nalo huko wanalijua. Kilitiwa matufaha na chupa ya zeituni. Twaiba akakichukua, kwa kuwa msindikizaji ndiye mbebaji. Viatu vyake vya kutokea vilikuwa kabatini pamoja na vitu vingine vilivyofungiwa, na hakuna aliyevitaja. Pasipoti nayo hakuna aliyeitaja. Akatoka na ndara za bafuni, akakanyaga theluji, na geti la kijani likafunguliwa kwa ufunguo mkubwa.

Chini ya balkoni ya pili, Kache akainama juu ya ukuta.

"Twaiba, waenda wapi?"

"Namsindikiza mgeni."

"Mpaka wapi?"

"Hajasema."

Kache aliitazama njia, akaitazama mpaka inapokata kona. Alielewa yote bila kuelezwa. Maimuna akasimama. "Mwanangu, nikubishie hapo kwako pia?"

"Usibishe, mama. Ukiingia hapa, mgeni wa kule atakuwa ameshafika, na Twaiba itabidi arudi. Wewe ukienda Lunga Lunga mwambie mama yangu aje kunitembelea. Aje na kitu mkononi. Asije na maneno ya kudai, aje kutembea tu."

"Nitamwambia."

"Na avae soksi," akasema Kache.

Wakateremka. Twaiba mbele kidogo, mama nyuma. Na hapo ndipo kazi ya Maimuna ilipoanza, kwa sababu Maimuna ni mwanamke aliyelelewa vizuri. Msambweni nzima inamjua kwamba hapendi kuwasumbua watu. Ukimsindikiza, hujavuka hata kizingiti, ameshakuambia, "Basi, rudi, umenifikisha." Amelisema neno hilo maisha yake yote, kwa mashemeji, kwa makungwi, kwa watoto wa watu. Hata daktari alipomsindikiza mpaka mlangoni alimrudisha. Ulimi wake ulikuwa umelizoea kama unavyozoea bismillahi.

Kwenye chemchemi wale wazee wa dadu wakawapungia. Maimuna, pasipo kufikiri, akafungua mdomo. "Basi..."

Twaiba akasimama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshageuka wenyewe, kisigino mbele, vidole vinatazama kule juu kwenye geti la kijani. Twaiba akauangalia mguu, kisha akamwangalia mama yake.

"Basi tupumzike tunywe maji," akamalizia Maimuna.

Mguu ukarudi mahali pake. Wakanywa maji. Maimuna akafungua pindo la leso aliyojifunga ndani, ambamo alikuwa amebakisha korosho za njiani, akatia tatu mdomoni kwa pamoja. Tangu hapo akawa anatafuna, na kila anapomaliza anatia nyingine.

Kwenye kizuizi askari hakutaka kuinua mti. Alimwonyesha Twaiba kwa kidole, akauliza karatasi zake.

"Sina," akasema Twaiba kwa Kiarabu. "Ziko kwa madam."

"Bila karatasi hupiti."

"Mimi sisafiri. Namsindikiza mgeni."

Askari akawaza. Alivua glavu moja, akajikuna shingo. Akamwuliza nyumba gani, akaambiwa. Akauliza kama bibi mwenye fimbo alikuwepo, akaambiwa alikuwepo. Bibi yule alikuwa nyanya yake, na sheria aliyoiweka bibi ilikuwa nzito kuliko ile ya kambini. "Msindikizaji haulizwi karatasi," akasema mwishowe, kama anayesoma. "Lakini wakati wa kurudi utazihitaji." Akainua mti.

Mashamba ya matufaha yalikuwa na mteremko mkali. Ndara moja ya Twaiba ikakatika ugwe, akaenda peku mguu mmoja. Alianguka mara ya kwanza akacheka. Alianguka mara ya pili, jiwe likamchana unyayo, na theluji nyuma yake ikawa na alama nyekundu, moja moja. Alibeba kikapu bila kukibadilisha mkono. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Meno yanagongana.

Maimuna alimwona, na neno likampanda kutoka tumboni, si kwa adabu safari hii, kwa huruma. *Inatosha, mwanangu.* Kila mama angelisema. Nyumba ilikuwa bado karibu, kulikuwa na jiko la kuni, na huku mbele hakuna aliyejua. Alilisikia neno limefika nyuma ya meno. Akatia korosho zote zilizobaki mdomoni kwa mkupuo, mashavu yakamvimba, machozi yakamtoka. Akavua sweta ya marehemu, akaipasua mkono mmoja, akaufunga unyayo wa mwanawe, akamvisha sweta iliyobaki. Yote aliyafanya kimya, akitafuna. Twaiba akasema, "Usiseme, mama. Naweza." Maimuna akatikisa kichwa kwamba hasemi.

Wakaendelea, na theluji ikaisha. Iliisha kwa mstari mmoja ulionyooka kama pindo la shuka, upande huu nyeupe, upande ule udongo mwekundu wa Kikoneni na majani makavu ya mkorosho. Twaiba akaweka mguu wenye jeraha juu ya udongo wenye moto. Akaweka wa pili. Barafu iliyokuwa kwenye ndara ikayeyuka ikamwaga kitope kidogo. Maimuna akameza.

Matano alikuwa amelala juu ya pikipiki, kofia usoni. Akaamka.

"Nilijua mtakuwa wawili," alisema. "Huyu si Twaiba? Si yuko Lebanoni huyu?"

"Bado yuko," akasema Maimuna. "Ananisindikiza."

"Haya. Anayesindikiza simtozi." Akawapakia wote wawili na kikapu, na njia nzima aliwaeleza habari za mpira wake wa nyuma.

Walipofika barabara kuu Msambweni, jua lilikuwa linakaribia kuzama, na pale kituoni palikuwa na gari la wakala. Wasichana watatu walikuwa wakipakia masanduku mapya, wanapelekwa uwanja wa ndege. Wakala alikuwa na pasipoti tatu mkononi, zimefungwa kwa mpira wa noti. Alimwona Twaiba, akatoa simu yake, akatafuta jina kwa kidole.

"Wewe uko Lebanoni," akasema.

"Ndiyo," akasema Twaiba.

"Basi sawa." Akarudisha simu mfukoni, akaendelea kuhesabu masanduku.

Msichana mmoja alikuwa wa Mkwiro, jina lake Hasina. Alimtazama Twaiba kuanzia kitambaa cha sweta mguuni mpaka usoni. "Dada, watoka kule?"

"Natoka kule. Pasipoti yako usiitoe mkononi."

"Si hiyo ameishika yeye. Kuna baridi?"

"Kuna baridi. Unapelekwa nyumba gani?"

"Sijaambiwa. Ati ya milimani." Hasina akacheka kidogo. "Kwetu tuko wanane, dada, na nyavu za baba zimechakaa. Nitakwenda tu."

Maimuna hakumzuia, maana hakuwa na cha kumpa badala yake. Alimwuliza nyumba ya mama yake Mkwiro iko upande gani, akaambiwa nyuma ya msikiti, mlango wa samawati. "Ukifika," alimwambia, "tazama dirishani, umweleze mama yako njia mpaka kwenye udongo mwekundu. Usisahau hata kona moja. Atakuja." Mlango wa gari ukafungwa. Hasina akapunga mkono kutoka kiti cha nyuma, na gari likaenda zake kama linavyokwenda kila Jumatano.

Nyumbani majirani walikuwa wameshasikia. Walijaa uani, wakapiga vigelegele, mmoja akaleta uji wa pilipili manga, mwingine maji ya moto na chumvi kwa ajili ya mguu. Watoto waliyamaliza matufaha. Zeituni zilionjwa zikatemwa, isipokuwa shemeji mmoja aliyesema ni dawa. Twaiba aliketi katikati yao, kikapu mapajani, akisimulia vyumba tisa kimoja kimoja, na wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, kwa jinsi alivyoiga Madam akishika ng'onda.

"Kwa hivyo mmefika salama," akasema jirani wa mkono wa kulia, kwa nia njema kabisa.

Twaiba akaangalia chini. Miguu yake yote miwili ilikuwa imegeuka kidogo, inatazama Kikoneni.

"Twaiba ndiye aliyefika," akasema Maimuna. "Mimi bado niko njiani."

Alilisema amesimama kwenye ukumbi wake mwenyewe, chini ya picha ya mumewe. Miguu ya Twaiba ikanyooka. Majirani wakaelewa, na tangu hapo hakuna aliyemwuliza tena kama amefika. Walimkaribisha kiti kama anavyokaribishwa mpita njia.

Baada ya magharibi simu ya Maimuna ikalia, namba ya mbali. Twaiba akaiweka sauti ya nje.

"Uko wapi?" akauliza Madam Wadad. "Pasi imepoa."

"Bado nasindikiza, madam."

"Mgeni hajafika tu?"

Twaiba akamtazama mama yake, ambaye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, buibui mwilini, viatu miguuni. "Hajafika."

"Hajasema inatosha?"

"Hajasema."

Nyuma ya Madam ikasikika sauti ya kikongwe, bado yuko pale karibu na jiko, anauliza kama korosho zimekwisha. Madam akashusha sauti. "Pasipoti yako iko kwangu, wajua."

"Najua, madam."

"Haitoki."

"Najua."

"Basi msalimie mgeni," akasema Madam Wadad kwa sauti kubwa, ili isikike chumbani, akakata.

Majirani wakaenda mmoja mmoja. Twaiba alilala wa kwanza. Alilala kitandani kwa mama yake, kwa ubavu, mguu uliofungwa umetoka nje ya shuka, mkono umeshika mshipi wa kikapu kitupu, na alilala kama watu wanavyolala wakishaacha kusikiliza kama wataitwa.

Maimuna alifunga mlango kwa komeo la ndani. Alitawadha, akavaa viatu vyake tena. Kisha akaswali isha rakaa mbili, swala ya msafiri, ndani ya nyumba aliyoolewa ndani yake miaka thelathini iliyopita. Hakuona taabu yoyote. Aliona angeweza kuswali hivyo maisha yake yote, na akamshukuru Mungu aliyewapunguzia walio safarini. Akajinyosha kando ya mwanawe, nyayo zimeelekea mlangoni, akavuta shuka mpaka juu ya viatu, akalala.